Miwani na tundu la kuchungulia: kwa nini kona za picha zinapotea kwenye kamera za renjifainda

Siku ya kwanza kushika Zorki-4, renjifainda ya zamani ya Kirusi, nilidhani nimeuziwa kamera mbovu. Niliegemeza miwani kwenye tundu la nyuma, nikauona mtaa vizuri kabisa: muuza madafu, baiskeli yake, kivuli cha mwembe alichojibanza. Lakini picha niliyoiona haikuwa na kingo. Nilipohamisha jicho kidogo kushoto, upande wa kulia ulijitokeza na wa kushoto ukazama. Nilipohamia kulia, mambo yakageuka. Nikavua miwani, nikabana jicho hadi kope zikagusa kioo. Kona zote nne zikarudi, ila mtaa mzima ukawa ukungu, maana sioni mbali na miwani yangu ni ya namba hasi 4. Nilipovaa tena miwani nikakuta lenzi ya kulia ina mkwaruzo wa nusu duara.

Tangu hapo nimezitumia kamera hizi miaka kadhaa, na nimewasikia wenzangu wengi wenye miwani wakilalamika vilevile. Wapo wanaolaumu macho yao, wapo wanaolaumu uzee wa kamera. Chanzo ni umbali na pembe, na hesabu yake ni ndogo kiasi kwamba unaweza kuipiga kichwani mbele ya muuzaji, kabla hujatoa hela.

Tuanze na kamera yenyewe. Kamera ya SLR inakuonyesha kile kile ambacho lenzi inakiona, kwa kutumia kioo kilicho ndani. Renjifainda haifanyi hivyo. Ina kitazamio chake cha pembeni, chenye dirisha mbele na tundu la kuchungulia nyuma, na mwanga wake haupiti kwenye lenzi hata kidogo. Katikati ya kitazamio kuna kiraka kinachong'aa, ambamo kitu kimoja huonekana viwili. Ukizungusha pete ya lenzi, vivuli hivyo viwili vinasogeleana hadi vinalaliana, na hapo fokasi imekaa. Kivuli cha pili kinatoka kwenye dirisha jingine dogo, lililo mbali kidogo na la kwanza. Kati ya kamera za filamu ya milimita 35, Contax II ya mwaka 1936 ndiyo iliyounganisha kupima umbali na kupanga picha katika tundu moja. Leica za wakati huo zilikuwa na matundu mawili: unachungulia la kwanza kuweka fokasi, kisha unahamia la pili kupanga picha. Ilipotoka Leica M3 mwaka 1954, ilikuja na kitazamio kikubwa chenye mistari myeupe ya mpaka, ya kuonyesha picha itaishia wapi, inayobadilika kulingana na lenzi uliyofunga na kujisogeza yenyewe kadiri unavyoweka fokasi karibu au mbali.

Mistari hiyo ndiyo inayompotea mvaa miwani.

Simama chumbani, paji la uso karibu ligusane na nondo za dirisha, na utauona mtaa wote kuanzia duka la kona hii hadi msikiti wa kona ile. Rudi nyuma hatua tatu. Dirisha ni lile lile, mtaa ni ule ule, lakini sasa unaona nyumba ya mbele yako tu. Tundu la kamera lina tabia hiyo hiyo kwa kipimo cha milimita. Ukitaka kujiridhisha, kata tundu la duara lenye upana wa milimita 15 kwenye karatasi ngumu. Jicho likiwa milimita 10 nyuma ya tundu, utaona eneo lenye pembe ya nyuzi 74 hivi. Rudi hadi milimita 20, na pembe inashuka hadi nyuzi 41. Milimita 10, unene wa kidole chembamba, zimemeza karibu nusu ya ulichokuwa unakiona. Kitazamio cha kamera kina vioo ndani yake, kwa hiyo hesabu yake haifanani na ya karatasi moja kwa moja, lakini kanuni haibadiliki: jicho likirudi nyuma, kingo zinaondoka kwanza.

Miwani inalirudisha jicho nyuma kwa lazima. Kwa kawaida lenzi ya miwani hukaa milimita 12 hadi 14 mbele ya jicho. Ongeza unene wa lenzi yenyewe, ongeza ukingo wa tundu la kamera uliochomoza nje ya kioo chake, na jicho lako liko mbali kuliko mbunifu wa kamera nyingi za zamani alivyotarajia. Ndiyo maana watu wawili wenye macho dhaifu sawa wanaweza kubishana kuhusu kamera moja. Mmoja ana fremu ndogo ya waya inayokaa karibu na uso, mwingine ana fremu nene ya plastiki inayoteleza hadi katikati ya pua. Kila mmoja anasema kweli.

Sasa hesabu. Kila kitazamio kina kiwango cha ukuzaji. Kikiwa 1, vitu vinaonekana kwa ukubwa ule ule unaouona kwa macho matupu. Kikiwa 0.72, vinaonekana vimepungua hadi asilimia 72. Kadiri kiwango kinavyokuwa kikubwa, ndivyo mistari ya mpaka inavyotanuka kuelekea kingo za tundu, yaani kule kunakozama kwanza. Lenzi nayo ina neno lake, kwa sababu lenzi pana kama ya milimita 28 inahitaji fremu pana kuliko lenzi ya 50. Kwa hiyo chukua urefu wa fokasi wa lenzi, yaani ile namba ya milimita inayoitambulisha kama 28 au 50, ugawe kwa kiwango cha ukuzaji. Jibu likiwa 48 au zaidi, mtu wa miwani ya kawaida ataiona mistari yote minne, pengine kwa kujibana kidogo. Likiwa chini ya 42, ataikosa. Katikati ya hapo inategemea pua, fremu na unene wa lenzi zake. Mipaka hiyo miwili nimeiweka mwenyewe kwa kulinganisha kamera na kamera. Hakuna kiwanda kilichoitangaza. Ila mpaka leo haijanidanganya.

Tuijaribu. Leica M3 ina ukuzaji wa 0.91 na lenzi yake pana kuliko zote katika mistari yake ni 50. Hamsini kugawa kwa 0.91 ni 55. Hiyo ni nafuu kubwa, na ndiyo maana wavaa miwani wanaopenda lenzi ya 50 huing'ang'ania M3 kama mtoto na titi. Leica M2, M4 na M6 ya kawaida zina 0.72. Kwa lenzi ya 35 unapata 48.6, mlangoni kabisa. Mistari ya 35 utaiona, lakini ukibadilisha miwani huenda ukaipoteza. Kwa lenzi ya 28, ambayo M4-P na M6 zina mistari yake, jibu ni 39, na hapo sahau. Nimeona watu wakinunua lenzi ya 28 kwa bei ya pikipiki, kisha wanapiga picha kwa kubahatisha kingo kwa sababu hakuna aliyewaambia wagawe kwanza.

M6 iliwahi kutengenezwa pia kwa ukuzaji wa 0.85, inayosifiwa sana kwa lenzi ndefu. Gawanya 35 kwa 0.85, unapata 41. Kisha mwaka 2000 M6 TTL ikatoka kwa ukuzaji wa 0.58, na kwa mvaa miwani hii ndiyo ya kutafuta: 28 kugawa kwa 0.58 ni 48, sawasawa na 35 kwenye 0.72. Minolta CLE ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ina 0.58 hiyo hiyo na mistari ya 28, kwa bei ambayo mara nyingi iko chini ya Leica. Konica Hexar RF ya 1999 ina 0.6, kwa hiyo 28 inakupa karibu 47. Bessa R4 za Voigtländer zilishuka hadi 0.52. Hapo hata lenzi ya 25 inaonekana, ingawa ya 21, ambayo pia ina mistari yake, inabaki kwenye 40.

Upande wa pili wa mizani kuna Canon P na Nikon S3, kamera za Kijapani za mwishoni mwa miaka ya 1950, zenye ukuzaji wa 1. Ni raha isiyo kifani kuzichungulia ukiwa umefumbua macho yote mawili, kwa sababu ukubwa wa vitu ni sawa kwa jicho la ndani na la nje, na mistari ya mpaka inaonekana kuelea hewani mbele yako. Kwa lenzi ya 50 jibu ni 50, hakuna tabu. Lakini zote mbili zina mistari ya 35 pia, na 35 kugawa kwa 1 ni 35. Mvaa miwani hataigusa mistari hiyo. Wakati mwingine muuzaji husema mistari ya 35 imefutika kwa uzee. Pengine iko palepale, ila miwani yako haijakuruhusu kuifikia.

Zorki-4 yangu haina mistari kabisa. Iliundwa Krasnogorsk, karibu na Moscow, kuanzia 1956 hadi 1973, zaidi ya milioni 1.7, na kwenye kitazamio chake ukingo wa picha ndio ukingo wa tundu. Hii ni mbaya zaidi kwa mvaa miwani, kwa sababu huna hata mstari wa kukuonya kwamba umepoteza kitu. Unadhani ulichokiona ndicho chote, filamu ikisafishwa unakuta watu wawili wa ziada pembeni.

Kuna suluhisho moja la zamani ambalo kila nikilikumbuka nawapenda waliolibuni. M3 haikuwa na mistari ya 35, na wateja waliitaka lenzi hiyo. Kiwanda cha Leitz, waundaji wa Leica, kikatengeneza lenzi za 35 zenye vioo viwili vilivyofungwa juu yake, vinavyokaa mbele ya madirisha ya kamera. Kwa maneno mengine, kamera ilivalishwa miwani. Vioo hivyo vinapunguza ukubwa wa kila kitu ndani ya kitazamio, hadi eneo la lenzi ya 35 linaingia ndani ya mistari ya 50. Na kwa kuwa mistari inayotumika ni ile ile ya 50, urahisi wake kwa mvaa miwani unabaki ule ule wa 55. Mtu mwenye M3 na lenzi hiyo anaiona picha ya 35 kwa utulivu kuliko mwenye M6 na lenzi ya 35 ya kawaida. Lenzi hizi ni nzito na zina umbo la ajabu, na wasio na miwani huzikwepa, kwa hiyo mara nyingi bei yake ni nafuu.

Usidhani basi kwamba ukuzaji mdogo ni heri tupu. Usahihi wa fokasi katika renjifainda unatokana na umbali kati ya madirisha mawili ukizidishwa kwa ukuzaji. Kwenye M3 unapata kama milimita 62. Kwenye Leica ya 0.72 ni 50, na kwenye 0.58 ni 40. Kwa lenzi ya 28 au 35 huo ni usahihi wa kutosha na kubaki. Kwa lenzi ya 90 iliyofunguliwa yote, milimita 40 ni chache, na jicho la picha ya uso litatoka laini huku sikio likiwa kali. Kuna vikuzaji vya kufunga nyuma ya tundu, vya 1.25 na 1.4, vinavyorudisha usahihi huo. Lakini 0.72 mara 1.25 ni 0.9, na 35 kugawa kwa 0.9 ni 39. Unachopewa kwa mkono huu unanyang'anywa kwa ule.

Hayo ni ya kamera. Yapo ya macho yenyewe, na hapa namba ya miwani yako ina maana kuliko wengi wanavyodhani. Kitazamio cha Leica M kimewekwa dayopta hasi 0.5 (dayopta ndicho kipimo cha nguvu ya lenzi, ile namba ya miwani), yaani kila unachokiona ndani yake, hata mlima Kilimanjaro, kinalifikia jicho kana kwamba kiko umbali wa mita 2. Kwa hiyo miwani ya kusomea haifai kuchungulia. Inayotakiwa ni ya kuonea mbali. Mwenye macho ya hasi 0.5 anaweza kuvua miwani kabisa. Mwenye hasi 1 ataona ukungu mwembamba na ataishi nao. Kwa namba kubwa zaidi, zipo lenzi ndogo za dayopta za kufunga kwenye tundu, kutoka hasi 3 hadi chanya 3, zinazokuwezesha kuchungulia bila miwani. Kamera za Kisovieti kama FED-2 na Zorki-4 zina kijiti cha dayopta kwenye kamera yenyewe. Leica III ya mwaka 1933 nayo ina kijiti, lakini kinasahihisha tundu la kupimia umbali tu, la kupanga picha linabaki lilivyo. Kwangu mimi wa hasi 4, kijiti cha Zorki kilipunguza ukungu bila kuumaliza. Tena kuna tabu ya kuvua na kuvaa. Ukivua miwani ili uchungulie, umempoteza mtu uliyemlenga kabla kamera haijafika usoni. Kwa picha za mtaani mimi nimeamua kuibakiza miwani, na kuchagua lenzi kwa ajili yake.

Mwenye astigmatizimu, kasoro ya jicho inayotawanya mistari ya mwelekeo fulani, asipoteze pesa kwenye lenzi za dayopta za kawaida. Zinasahihisha kuona mbali na karibu tu, na astigmatizimu inabaki. Nayo inadhuru mahali penyewe panapouma, kwa sababu kiraka cha renjifainda kinagawanya picha kushoto na kulia. Unachokilinganisha ni mistari iliyosimama: ukingo wa mlango, nguzo, shina la mnazi. Kama astigmatizimu yako inaifanya mistari iliyosimama itawanyike, utazungusha pete mbele na nyuma bila kujua imelaliana wapi. Huyo lazima avae miwani yake.

Wenye miwani ya progresivu, ambayo juu ni ya mbali na chini ni ya karibu, wana kosa moja la kuepuka. Tundu la kamera liko juu, na ukiinua kidevu kulifuata, unajikuta unachungulia kupitia sehemu ya chini ya lenzi. Kila kitu kinakuwa ukungu na unadhani fokasi imeharibika. Inamisha kichwa kidogo, uchungulie kupitia sehemu ya juu. Faida ya miwani hiyo ni kwamba ukishusha macho unazisoma namba za shata na za lenzi, ambazo kwenye kamera za zamani zimeandikwa kwa herufi za sisimizi.

Miwani inaacha pia mwanya kati ya uso na kamera, na jua la pembeni linaingia hapo. M6 zinajulikana kwa kiraka kinachofifia na kuwa cheupe kitupu jua likipiga vibaya, hasa jicho lisipokaa katikati ya tundu, na jicho la mvaa miwani ni nadra kukaa katikati. Ikitokea hivyo, usizungushe pete kwa hasira. Sogeza jicho kidogo juu au chini hadi kiraka kirudi, au kinga kwa kiganja cha kushoto. Kwenye jua kali la saa saba mchana mimi naachana na kiraka kabisa. Lenzi ya 35 ikiwa f/8, yaani tundu lake la mwanga limebanwa, na pete imewekwa mita 5, kila kitu kuanzia mita 2 na nusu hadi upeo wa macho kitatoka kikali vya kutosha, na kitazamio kinabaki na kazi moja tu ya kupanga picha.

Na katika kupanga, kuna faraja ambayo wengi hawaijui. Ukubwa wa mistari ya mpaka umekadiriwa kwa umbali wa karibu kabisa wa fokasi: mita 1 kwenye Leica za mwanzo, mita 0.7 kwenye M6. Ukipiga kitu cha mbali, lenzi inachukua eneo pana kuliko mistari inavyoonyesha. Kwa hiyo ukiukosa ukingo wa nje wa mstari, mara nyingi filamu haijaukosa. Ninapohitaji uhakika nachungulia kona kwa kona, jicho likitembea kinyume cha upande ninaoutaka: kushoto kuiona kulia, juu kuiona chini. Inachukua sekunde moja ukishazoea. Kwa jengo au kundi la harusi inatosha. Kwa mtoto anayekimbia haitoshi, na kwa kazi hiyo bora kitazamio cha nje kinachochomekwa juu ya kamera. SBOOI ya Leitz, iliyotengenezwa kwa lenzi ya 50, inaonyesha vitu kwa ukubwa wake halisi na mistari yake ni ya kung'aa. Kwenye Leica za zamani zenye matundu madogo inabadilisha kamera nzima.

Mikwaruzo nayo si jambo dogo, maana lenzi za miwani siku hizi ni za plastiki, na ukingo wa tundu kwenye Zorki, FED na M3 ni chuma. Kata pete nyembamba ya mpira kutoka tyubu ya baiskeli, ibandike kwa gundi ya mpira kuzunguka tundu. Isizidi unene wa milimita 1. Pete nene inaokoa miwani na kula kona.

Mwaka jana nilimpelekea fundi wa miwani fremu yangu nikamwomba avibane vile vishikizo viwili vya puani.

"Lenzi zitakusogelea, kaka. Kope zitagusa."

"Zisogeze tu mpaka karibu zigusane, fundi."

Akazisogeza kama milimita 2. Kwa namba yangu, hizo milimita 2 zinabadilisha nguvu ya miwani kwa dayopta 0.03, kitu ambacho jicho halikitambui. Mwenye hasi 10 ingembadilikia kwa 0.2, kwa hiyo huyo amuulize daktari wake kwanza. Niliporudi nyumbani nikaichukua Leica ya 0.72 niliyoazimwa, nikafunga lenzi ya 35, nikaielekeza ukutani. Mstari wa kushoto ulikuwa pale, na wa kulia pia, yote miwili kwa mara moja, bila kulisogeza jicho.